Unahakikije albamu ya ambienti isiyo na ngoma wala mwimbaji?

Msikivu: Wakuu, nina albamu ya ambienti, yaani muziki tulivu wa kujaza mazingira, ya kuhakiki: vipande sita, dakika 52, hakuna ngoma, hakuna anayeimba. Hakiki zilizotangulia zimegawanyika. Huyu anasema inatuliza, yule anasema inachosha, na hakuna anayeonyesha kwa nini. Mnaoufahamu muziki huu, mnasikiliza nini hasa?

KandaDuara: Anza na marudio. Chagua sauti moja tu, shika saa, andika inarudi baada ya sekunde ngapi. Kisha sauti ya pili, ya tatu. Kwenye Music for Airports, albamu ya mwanamuziki Mwingereza Brian Eno, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970, kipande kiitwacho 2/1 kimejengwa kwa sauti za watu zilizorekodiwa kwenye kanda zilizofungwa duara. Noti moja inarudi kila sekunde 23.5, nyingine kila sekunde 25.875, nyingine inakaribia 30. Piga hesabu: hizo mbili za kwanza zikianza pamoja, zitaanza pamoja tena baada ya dakika 81, na kipande chenyewe hakifiki dakika kumi. Kwa hiyo noti ni zilezile lakini kila mara zinapishana upya.

Albamu nyingi dhaifu huanguka hapo. Lupu zake, yaani vipande vya sauti vinavyojirudia, ni za sekunde 8, 16 na 32, zote zinakutana kila sekunde 32, na ukishausikia mshono huwezi kuacha kuusikia. Ukiandika "inachosha" msomaji hajapata kitu. Ukimwandikia kwamba kila kitu kinaanza upya kila sekunde 32, anaweza kwenda kuhakikisha mwenyewe.

Mwangwi: Naongeza upande wa usikilizaji, maana lawama nyingi humwangukia msanii bila haki. Eno mwenyewe alitaka muziki huu umfae anayeusikiliza kwa makini na asiyeujali pia, basi upime kote kuwili: kwanza sauti ya chini ukiwa na shughuli nyingine, halafu spika nzuri kwenye chumba kimya, mwisho hedifoni. Sikio hupoteza besi sauti ikiwa ndogo, kwa hiyo albamu iliyoegemea mvumo mzito wa hertz 40 (mitetemo 40 kwa sekunde) itasikika nyembamba, na spika ya simu haiutoi kabisa. Usihukumu kwa simu.

Jingine ni faili. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, iliyobanwa sana, huharibu mikia ya mwangwi, inakuwa kama ina majimaji. Tena MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni mwa faili. Programu isiyouondoa itakata vipande vilivyokusudiwa kuungana. Omba FLAC au WAV, faili zisizopunguza ubora wa sauti. Na ukilinganisha albamu mbili, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti, la sivyo yenye kelele zaidi itaonekana bora.

NotiNdefu: KandaDuara yuko sahihi kwa muziki wa lupu, ila saa haisaidii kwenye mvumo mmoja wa dakika 20. Huko sikiliza mwendo wa ndani. Sauti mbili zikitofautiana kwa hertz 0.5, utasikia wimbi likipanda na kushuka kila sekunde 2; msanii akisogeza tofauti hiyo polepole, kipande kizima kinapumua. Kama hakuna kinachosogea, ila mwangwi umerundikwa mpaka eneo la hertz 200 hadi 500 limekuwa tope, hilo ni kosa. Litaje pamoja na dakika na sekunde.

Angalia pia albamu inapimwa kwa matarajio gani. Aphex Twin, msanii wa muziki wa elektroniki, alipotoa Selected Ambient Works Volume II mwaka 1994, karibu ngoma zote zilikuwa zimeondoka, muda umepita saa mbili, na vipande, isipokuwa kimoja, vimetambulishwa kwa picha badala ya majina. Aliyetaka midundo ya albamu yake iliyotangulia ya 1992 aliona pengo. Leo inahesabiwa miongoni mwa nguzo za ambienti, na hakuna noti iliyobadilishwa.

Msikivu: Nimewaelewa. Naomba faili za WAV kwanza, halafu naanza na saa.