Skripti inarudia hesabu zile zile kila nikiiwasha. Nawezaje kuhifadhi majibu kwenye diski?

Sikio_la_Ndege:
Wakuu, habari zenu. Nina folda ya sauti za ndege, faili za WAV za saa moja moja. Skripti yangu ya Python ina fanksheni inaitwa chambua(). Inafungua faili, inachuja kelele za upepo, halafu inanipa jedwali: kila mlio ulianza lini, ulidumu muda gani, ulikuwa na masafa gani. Baada ya hapo nachora grafu.

Shida ni kwamba nikibadilisha hata rangi ya mstari kwenye grafu, uchambuzi wote unaanza upya. Naweza kwenda kuoga nikarudi nikakuta haijafika nusu, na jedwali linalotoka ni lile lile la jana. Faili hazijaguswa. Nataka kuiambia, "hili ulishalikokotoa, kalichukue ulipoliweka." Nianzie wapi?

nusu_baiti:
Rahisi hiyo mkuu. Weka @lru_cache juu ya fanksheni. Inakumbuka majibu ya fanksheni. Imo ndani ya functools, maktaba inayokuja na Python yenyewe, husakinishi kitu.

Sikio_la_Ndege:
Nimeweka. Nikiiita mara ya pili ndani ya skripti ile ile inajibu papo hapo. Nikifunga na kuwasha tena, tunarudi kule kule.

Mzee_Terminali:
Lazima mrudi. lru_cache inaweka majibu kwenye RAM ya programu inayoendelea. Programu ikifa, majibu yanakwenda nayo. Tena usipoiambia vingine inashika majibu 128 tu, na la zamani lisiloulizwa ndilo linatupwa kwanza. Ni zana nzuri, ila si ya kazi hii.

Wazo lenyewe lina umri. Donald Michie alilieleza kwenye jarida la Nature mwaka 1968: fanksheni ikumbuke ilichokwisha kukokotoa badala ya kukirudia. Kilichoongezeka kwako ni diski. Sakinisha joblib, maktaba ya Python inayoweka majibu ya fanksheni kwenye diski (hifadhi hiyo ndiyo kache), kisha:

```
import os
from joblib import Memory

kache = Memory("kache_ya_sauti", verbose=0)

@kache.cache
def chambua(njia, muda, ukubwa, kizingiti):
    ...

s = os.stat(njia)
jedwali = chambua(njia, s.st_mtime_ns, s.st_size, 0.3)
```

Najua utauliza, muda na ukubwa vya nini wakati fanksheni haivitumii? Hapo ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo soma taratibu.

Kila unapoiita chambua(), joblib inachukua vyote ulivyoipa na kuvigeuza kuwa ufunguo mmoja wa herufi na tarakimu. Ufunguo ukiwa tayari upo kwenye folda, unapewa jibu la zamani na mwili wa fanksheni hauguswi kabisa. Sasa ukiipa njia ya faili peke yake, ufunguo unatokana na jina la faili. Yaliyomo ndani hayaangaliwi. Kesho ukirekodi upya ukahifadhi kwa jina lile lile, utapewa jedwali la rekodi iliyokwisha futwa, na hakuna onyo litakalotokea. Ukiongeza muda faili ilipobadilishwa mwisho pamoja na ukubwa wake, ufunguo unabadilika faili ikibadilika.

Usije ukashawishika kuifungua sauti nje ya fanksheni halafu ukaipitisha nzima. Saa moja ya sauti ya chaneli moja, sampuli 44,100 kwa sekunde, baiti 4 kila sampuli, ni karibu MB 635. joblib itazisoma zote kila mara ili tu itengeneze ufunguo. Utakuwa umeokoa muda huku ukiumwaga kule.

Kidole_Juu:
Shikamoo mzee. Nami nimefuata hapo hapo, ila yangu ina kioja. chambua() yangu inahifadhi pia picha ya PNG. Nilifuta folda ya picha nikaendesha upya, namba zimekuja, picha hata moja hakuna.

Mzee_Terminali:
Marahaba. Hakuna kioja. Mwili wa fanksheni haukuendeshwa, nani angechora? Kinachohifadhiwa ni kile inachorudisha, si inachofanya pembeni. Kuandika faili, kutuma ujumbe, kuongeza mstari kwenye kumbukumbu za seva, vyote hivyo vitoe nje. Fanksheni ya kuwekea kache ipokee kitu, ikokotoe, irudishe, basi. Na yenye kubahatisha namba iache kabisa, au uipe mbegu (namba inayofanya bahati nasibu itoke ile ile kila mara) kama mojawapo ya vitu inavyopokea.

Sikio_la_Ndege:
Mzee, asante, sasa grafu inachorwa kabla sijatoa mkono kwenye kibodi. Lakini leo nimebadilisha chuja_upepo(), iliyoko kwenye vichujio.py na inaitwa ndani ya chambua(). Jedwali halikubadilika hata nukta. Na nilisoma mahali kwamba joblib inagundua yenyewe msimbo ukibadilika?

Mzee_Terminali:
Inagundua, ila wa fanksheni uliyoiwekea @kache.cache tu. Inahifadhi maandishi ya chambua() kwenye faili inaitwa func_code.py ndani ya folda ya kache, ingia uione. Maandishi yakitofautiana na ya mara iliyopita, inafuta majibu yote ya fanksheni hiyo na kuanza upya. Hata ukirekebisha herufi kwenye maelezo yaliyo ndani yake, kwake ni fanksheni mpya. Lakini fanksheni zinazoitwa ndani haizifuatilii. Ya vichujio.py haina habari nayo.

Mimi huongeza kitu kimoja, toleo, na thamani yake naiandika juu kabisa ya vichujio.py:

```
TOLEO = "upepo-2"
```

Kisha chambua(njia, muda, ukubwa, kizingiti, TOLEO). Ukigusa kichujio, badilisha namba. Ni kazi ya mkono, ndiyo, na wapo watakaokuambia uandike msimbo wa kuikagua moduli nzima. Mimi naona mkono unatosha, na una faida yake: ukirudi kwenye "upepo-1" majibu yake ya zamani bado yapo, unaweza kulinganisha.

Na ukiwa hapo hapo, angalia kizingiti, ile 0.3 unayoipa chambua(). Ukikiandika 0.3 ni ufunguo mmoja. Ukikipata kwa kujumlisha 0.1 na 0.2, Python inakupa 0.30000000000000004, ambao ni ufunguo mwingine, na faili zote zinachambuliwa upya huku wewe ukishangaa. Zungusha kwa round() kabla ya kuipa fanksheni.

nusu_baiti:
Mzee maktaba ya nini yote hiyo? Mimi naandika mwenyewe mistari sita. Nachukua hash(njia), namba inayotokana na njia ya faili, iwe jina la faili, naweka jibu kwa pickle, zana ya Python ya kuandika data kwenye faili. Ipo, naisoma. Haipo, nakokotoa.

Mzee_Terminali:
Hebu fungua hiyo folda yako uhesabu faili. Tangu Python 3.3, hash() ya maandishi inachanganywa na namba ya bahati nasibu kila programu inapowashwa. Njia ile ile leo ina hashi hii, ukiwasha tena ina nyingine. Kwa hiyo unaandika kila mara na husomi chochote. Ukitaka kujitengenezea, tumia hashlib.sha256, hiyo haibadiliki.

La pili, usiandike moja kwa moja kwenye jina la mwisho. Umeme ukikatika katikati unabaki na nusu faili, na ukiwasha tena skripti inaiona "ipo". Andika kwenye jina la muda ndani ya folda ile ile, ukimaliza ita os.replace(). Kwenye Linux na Mac anayesoma ataona faili nzima au hataona kitu.

nusu_baiti:
Nimehesabu. Tuyaache.

Kidole_Juu:
Je, naweza kumpa mwenzangu folda yangu ya kache ili asichambue upya?

Mzee_Terminali:
Kama mnaaminiana. Majibu hayo yamehifadhiwa kwa pickle, na faili ya pickle inaweza kuendesha amri yoyote inapofunguliwa. Nyaraka za Python zenyewe zinaonya. Kache ya mtu usiyemjua usiifungue. Halafu hata mkiaminiana, njia za faili zake na muda wa faili zake vitatofautiana na vyako, kwa hiyo funguo hazitalingana na atachambua upya vile vile. Mkitaka kushirikiana, muda na ukubwa viondoeni, wekeni hashi ya yaliyomo, na njia mwiambie joblib isiihesabu:

```
@kache.cache(ignore=["njia"])
```

Kusoma faili nzima ili kupata hashi kunachukua muda, ila ni mdogo ukilinganisha na kuchambua. Kwenye Python 3.11 na kuendelea ipo hashlib.file_digest, inakufanyia bila kuijaza RAM.

Sikio_la_Ndege:
La mwisho mzee. Folda ya kache inanenepa tu. Nifute kwa mkono?

Mzee_Terminali:
joblib haijipunguzi yenyewe. Mwishoni mwa skripti weka kache.reduce_size(bytes_limit="5G"), itaondoa yale ambayo hayajaguswa kwa muda mrefu mpaka ifike kiwango hicho. Ukitaka kufuta yote ni kache.clear(). Na kama folda hiyo imo ndani ya mradi wa git (zana ya kutunza matoleo ya msimbo), iandike leo hii kwenye .gitignore, orodha ya vitu ambavyo git isivichukue.

Sikio_la_Ndege:
Hiyo ya .gitignore ningeisikia asubuhi. Naenda kuitoa.