Gita: Strat ya 1974, JV ya Japani au nakala ya siku hizi? Au niache kabisa?

mtanga_ughaibuni
Wakuu habarini. Nataka macho ya watu wengine kabla sijatoa hela maana mimi nikilipenda gita siambiliki. Nipo Manchester, ndani ninayo manne: Telecaster ya Mexico, Les Paul Studio, Ibanez ile yenye matundu ya f, na gita kavu la Yamaha. Stratocaster (Strat, gita la umeme la Fender) sina na miaka yote nimekuwa nikisema ipo siku. Sasa zimejitokeza tatu kwa mpigo:

A. Strat ya 1974, anauza mzee wa hapa jirani, anasema aliinunua kijana na hajawahi kuiachia. Rangi ya mbao, shingo nyeupe yote, kichwa kile kikubwa. Freti (vyuma vya shingoni) zimeshabadilishwa, swichi ya kuchagua pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) nayo imewekwa ya njia tano. Anataka pauni 3,200.
B. Squier JV ya 1983 (Fender ya Japani), nakala ya Strat ya 1962, pauni 1,300.
C. Fender American Vintage II, nakala ya siku hizi ya Strat ya 1973, imetumika kidogo, pauni 1,900.

D ni kutonunua chochote, na mama watoto ameshapiga kura yake hapo.

Ninachopiga ni dansi na rumba za zamani na jamaa wikiendi, mara nyingi rizim au second solo. Mipango ni kurudi Tanga baadae na mzigo wote huu, kwa hiyo lile nitakalochukua lazima liweze kuishi pwani. Semeni.

RizimuTu
B. Hela inayobaki nunua amplifaya ya maana. Nimemaliza.

FundiNyuzi
Mkuu RizimuTu ana haraka zake lakini hajakosea sana, ntarudi kwenye B. Kwanza hiyo A, maana kwa jinsi ulivyoandika moyo wako uko huko.

Strat za kuanzia 1971 mpaka 1981 shingo inashikwa kwa skrubu tatu badala ya nne, na ndani kuna kile kichuma cha kuinamisha shingo bila kuifungua. Wazo lenyewe halikuwa baya, tatizo kiwandani walikuwa wanachimba ule mfuko wa shingo kwa ulegevu, so shingo inapata nafasi ya kucheza. Ukienda kuliona shika bodi kwa mkono mmoja, mwingine shika karibu na kichwa, sukuma taratibu kulia na kushoto halafu angalia uzi wa kwanza na wa sita. Kama uzi unakaribia kutoka nje ya ubao basi hilo gita litakusumbua kila likibebwa, kama hausogei hizo skrubu tatu sahau, magomvi ya watu wa mtandaoni hayo.

Pili mwambie mzee afungue bamba la mbele mbele yako. Chini ya zile poti (za vifundo vya sauti) kuna namba. Ikiwa ni tarakimu saba, tatu za kwanza ni mtengenezaji (137 ni CTS), mbili zinazofuata mwaka, mbili za mwisho wiki. Kwa hiyo 1377409 ni CTS, mwaka 1974, wiki ya 9. Namba iliyopigwa kwenye bamba la nyuma usiitegemee peke yake, bamba linahamishwa gita hili kwenda lile kwa dakika mbili tu na bisibisi. Na kama poti zinasema 1974 na bamba linasema hivyo hivyo bado hujamaliza, angalia kama solda imeguswa, maana aliyeweka swichi ya njia tano lazima alipita humo.

Halafu muulize swali moja tu: swichi ya zamani iko wapi? Kama ipo kwenye kimfuko ndani ya kesi, huyo ndio mzee wa kufanya naye biashara.

kisiki_cha_mpingo
Me ntakuwa tofauti kidogo. Strat za miaka ya 70 zilikuwa zinadharauliwa mpaka juzi, na sababu zilikuwepo. CBS (kampuni ya utangazaji ya Marekani) walinunua Fender Januari 1965 kwa dola milioni 13, baada ya hapo ikawa ni kutoa magita mengi kadri inavyowezekana. Rangi nene kama plastiki, mbao nzito, chuma cha daraja (pale nyuzi zinapofungwa kwenye bodi) wakaacha kile cha kukunja wakaanza cha kumiminwa kwenye umbo. Leo kwa sababu za miaka ya 50 na 60 zimefika bei ya nyumba ndio watu wanagundua ghafla kuwa za 70 ni "klasiki". Klasiki kwa kukosa kingine!! Hiyo 3,200 unalipia mwaka, hulipii gita.

mama_besi
Kisiki umesema kweli nusu. Ile rangi nene unayoisema ndio itakayomfaa mtu anayerudi Tanga. Yeye mwenyewe ana Les Paul, rangi ya Gibson ni nitro (laka nyembamba), hiyo ukiiegemeza kwenye stendi yenye mpira au sponji mbovu inalika, na joto letu linaharakisha mambo. Ile plastiki ya 1974 unaifuta jasho na kitambaa unaendelea na maisha.

Lakini mtanga nikuulize mimi, unakusanya au unapiga? Maana haya mawili yana majibu tofauti kwenye kila kitu ulichoorodhesha. Swichi ya njia tano: kwa mkusanyaji ni pengo, kwa mpigaji ni neema. Strat zilikuja na swichi ya njia tatu mpaka 1977, watu walikuwa wanaiweka katikati ya hatua kwa kuibembeleza ili wapate pikapu mbili kwa pamoja, ile sauti ya kama pua imeziba kidogo. Wewe mtu wa rizim ndio sauti yako hiyo. Freti mpya vile vile, kwa mkusanyaji zinapunguza bei, kwa mpigaji zinakuokoa gharama. Mzee keshakulipia.

Na jingine, usinunue yoyote kati ya hizo kwa kudhani utapata sauti ya rekodi za dansi za RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam). Sauti ile ilitoka kwenye chumba, maikrofoni, mashine ya tepu na vidole vya watu. Gita lilikuwa sehemu moja tu na wala sio kubwa kuliko zote.

mtanga_ughaibuni
mama_besi hilo swali nimelikwepa makusudi haha. Nataka vyote viwili. Sitaki gita la kuning'iniza ukutani, lakini nataka na kitu ambacho wanangu wakikikuta watajua baba hakununua takataka.

FundiNyuzi asante, swichi nitamuuliza. Uzito alinitumia picha ya mizani, kilo 3.8.

FundiNyuzi
3.8 kwa Strat ya mbao ile ni poa. Zile zenye sifa mbaya ya uzito ni za mwisho wa miaka ya 70, hiyo imepona.

Kisiki kuhusu daraja la kumiminwa uko sahihi, hata hesi (mikato ya skrubu) za tundu la ule mkono wa kutikisia huwa zinakwisha kwa ndani mkono unabaki unalegalega. Ila hicho ni kifaa cha kubadilisha bila kutoboa tundu hata moja. Kile cha zamani kinaingia kwenye kimfuko na swichi.

Kitu ambacho watu hawakisemi kwenye za 1974: mwaka huo ndio Fender walianza kuacha zile sumaku za pikapu zenye kupanda na kushuka wakaweka zilizolingana. Wajuaji wanalia hapo. Sasa ule mpangilio wa kupanda na kushuka ulitengenezwa enzi uzi wa tatu ni wa kuzungushiwa waya, siku hizi wote tunafunga uzi wa tatu mtupu, matokeo yake kwenye pikapu za kizamani huo uzi unapiga kelele kuliko wenzake. Zilizolingana zinatoa akodi sawa zaidi. Kwa mtu wa rizim hiyo ni faida, mwache mkusanyaji alie.

Ngomeni_Joe
Mimi niko Mombasa na nina magita hapa kwa nyumba, wacha niseme yale ambayo nyinyi wa baridi hamyajui. Chumvi. Upepo wa bahari unakula skrubu za daraja, unakula nyuzi, unakula hata soketi ya kebo. Gita ambalo Uingereza limekaa miaka hamsini likiwa na chuma king'aavu, hapa bila kesi nzuri na kufutwa kila ukimaliza litaota kutu mapema sana bwana. Watengenezaji wanapendekeza unyevu wa hewa asilimia 45 mpaka 55 hivi, huku kwetu kupita 70 ni jambo la kawaida. Mbao inavimba, shingo inajikunja, unaanza kurekebisha fimbo ya ndani kila msimu.

Kwa hivyo shingo nyeupe yenye rangi juu mpaka kwa freti kama hiyo A au kama C iko hivyo, inasaidia kidogo kuliko ubao wa rosewood mtupu wa B. Kidogo tu lakini, usije ukanishika shati.

Stima pia. Strat za wakati huo pikapu ya katikati haijageuzwa, hata ukiweka mbili pamoja ule mvumo haukatiki. Uko na stima ya 50 Hz na waya za nyumba za zamani zisizo na ardhi, utaisikia hiyo mmmmm mpaka uizoee. Les Paul yako haina hiyo shida. Na kama utakuja na amplifaya ya Kimarekani ya volti 120 usiichomeke hivi hivi, huku ni 240.

RizimuTu
Narudi kwa B kwa maelezo maana naona nilidharauliwa.

JV ni zile za mwanzo kabisa, 1982 mpaka 84, zilitengenezwa Matsumoto kwenye kiwanda cha FujiGen. Fender wa Marekani wakati ule hali ilikuwa mbaya, Wajapani walikuwa wananakili magita yao ya zamani vizuri kuliko wao wenyewe, ndio wakaamua bora tuungane nao. Za kwanza zilizokuja Ulaya zina maandishi makubwa ya Fender na Squier kwa udogo, baadae ikageuka. Angalia hiyo yako ni ipi. Mfuko wa shingo umebana, skrubu nne, umbo la 1962. Na hii nayo ni historia, ina miaka arobaini na kitu!! Sio kitoto.

Ubao wake una mviringo mkali, nusu kipenyo inchi 7.25. Watu wa bluzi wanalalamika ukivuta uzi juu kabisa unakatika sauti. Sisi nani anavuta nyuzi hivyo? Solo ya dansi ni sauti mbili mbili zinakimbizana na kurudia rudia mpaka wachezaji wachoke, mviringo ule mkono unapumzika vizuri kwenye akodi.

kisiki_cha_mpingo
Hapa tunakubaliana. B au C. C haina siri, ukilichoka unaliuza na risiti yake.

mama_besi
C mimi naitoa kwanza. Sio gita baya, ila kwenye mkusanyo linafanya kazi gani? Limetengenezwa lifanane na A na A lipo barabara ya pili. Ungekuwa mtu wa kupiga kila wiki majukwaani unaogopa kuibiwa ningesema C bila kufikiri. Bei yake nayo itashuka kama kitu chochote kilichotumika, wakati A hata soko likitulia (na limetulia ukilinganisha na ule wazimu wa kipindi cha korona) kuna mtu atalitaka.

Ila 3,200 kwa lililobadilishwa freti na swichi, mpunguzie. Anzia 2,700 kwa heshima, umwambie sababu bila kumkejeli gita lake. Na hakikisha rangi ni ya kiwandani, hilo ndilo la kuua biashara. Gita lililopakwa upya linaweza kupoteza karibu nusu ya thamani, na hizi za rangi ya mbao ni rahisi mtu kukwangua la rangi nyingine akajidai lilizaliwa hivyo. Shingo ikitolewa tazama ndani ya mfuko na kwenye matundu ya pikapu, mabaki ya rangi nyingine hayajifichi huko.

mtanga_ughaibuni
Nimempigia mzee. Swichi ya zamani anayo, tena kwenye kibati cha tumbaku pamoja na kifuniko cha daraja ambacho hakikuwahi kufungwa. Freti anasema zilibadilishwa miaka ya 90 na risiti ipo. Kuhusu kufungua shingo alisita kidogo, akasema niende Jumamosi na bisibisi yangu, nyuzi mpya nitanunua mimi.

Ubao wa rosewood kwenye B nilikuwa naogopa habari za vibali vya kusafirisha.

FundiNyuzi
Usiogope. Wenye shida kubwa ni ule mti wa rosewood wa Brazili, uko kwenye orodha kali ya CITES (mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini) tangu 1992, na gita la Kijapani la 1983 sitegemei kuwa nao. Jamii nyingine za mti huo vyombo vya muziki vilivyokamilika vilisamehewa 2019. A ndio kabisa, shingo nyeupe, hakuna wa kukuuliza.

Jumamosi kabla hujalegeza chochote piga picha pembe zote. Nyuzi legeza zote kabla ya kugusa shingo. Zile skrubu tatu zirudishe taratibu kwa mkono, usilazimishe, tundu likishalegea hapo ndio utaiona shingo inacheza kweli.

mtanga_ughaibuni
Sawa. Msimamo wangu ni huu: poti zikisoma 74, mfuko hauna rangi nyingine, shingo haichezi, namwekea 2,800 mezani na Ibanez nauza ili kura ya D isinipeleke kulala sebuleni. Kimoja kikikataa nachukua B siku hiyo hiyo.

RizimuTu
Ibanez unauza ngapi?

Ngomeni_Joe
Na usipoichukua hiyo ya mzee tafadhali nitumie namba yake inbox.