Msaada: kitambua radi changu kinalia jua likiwaka, nikirekebishe vipi?

Jirani wa Ziwa (Seme, Kisumu)
Wadau, habari za jioni. Nimejiundia kitambua radi kwa sensa ya AS3935 na bodi ndogo ya Arduino. Kinaniletea radi saa nane mchana, jua kali, anga halina hata wingu la kusingizia. Juzi kiliandika kilomita 3, nikatoka mbio kutazama, pande zote kweupe. Usiku nao kinanyamaza wakati naona mimweko kabisa upande wa kisiwa cha Rusinga. Naomba anayejua anieleze namna ya kukirekebisha mpaka namba ziwe za kweli. Nina haraka kidogo, kinatakiwa kuwa tayari kabla Agosti haijaingia.

Omogusii Asilia
Pole ndugu. Kwetu Kisii hatungoji kifaa. Ikianza kunguruma tu, mama anafunika kioo, anaanua nguo nyekundu, watoto wote ndani. Mjomba wangu mmoja alikuwa mbishi, akajikinga chini ya mkaratusi na ng'ombe wake. Ng'ombe wawili walikufa palepale. Yeye alipona lakini sikio moja halisikii mpaka leo. Mambo ya radi si ya kuchezea.

Mwalimu wa Fizikia (Kakamega)
Pole kwa mjomba. Kioo na nguo nyekundu haviiti radi, ni ule mkaratusi. Wanafunzi wangu nawaambia hivyo kila mwaka na bado wanafunika vioo.

Jirani, mimweko ya usiku huonekana hata kilomita 100 anga likiwa safi. Sensa yako mwisho wake ni kilomita 40, na radi za upande wa Rusinga zinaweza kuwa mbali zaidi ya hapo. Hilo la ukimya labda si kosa lake. La mchana ndilo la kuchunguza. Kifaa kinakaa wapi?

Jirani wa Ziwa
Ndani, kwenye rafu. Mahali pakavu.

Fundi Redio (Nakuru)
Ndani ya nini, ukuta wa udongo au mabati? Na kwenye hiyo rafu kuna nini kingine? Sensa hii haioni radi, inasikiliza mawimbi ya redio kwenye kilohezi 500. Chochote kinachotoa cheche au kinachowasha na kuzima umeme kwa kasi kinaongea kwenye masafa hayo: chaja ya bei rahisi, taa ya LED, mota ya posho mill, hata plagi ya bodaboda ikipita. Tuambie ukweli wa hiyo rafu.

Jirani wa Ziwa
Ni kibanda cha mabati. Nachajia watu simu na betri, kuna inveta mbili na chaja kama za kawaida tu. Lakini kiko mbali na inveta, karibu mita moja hivi.

Fundi Redio
Mita moja si mbali, kaka. Hapo ndipo radi yako ya saa nane inapozaliwa, wateja wakishajaa.

Fanya hivi. Chukua redio ndogo ya AM, ishushe mpaka mwisho wa chini, karibu na 530, mahali pasipo na stesheni. Tembea nayo kutoka kwenye inveta ukienda nje. Mahali ule mlio unapokufa ndipo pa kuweka sensa. Usitumie kiberiti cha gesi kupima kama wengi wanavyofanya, kwa sababu sensa imetengenezwa kukataa cheche za aina hiyo. Ikiitikia au isipoitikia, hujajua chochote.

Ukishahamisha, pima koili, yaani antena ya sensa. Inatakiwa iwe kwenye kilohezi 500, isitoke zaidi ya asilimia 3.5, yaani kati ya 482.5 na 517.5. Sensa yenyewe inaweza kukutolea masafa hayo kwenye mguu wake wa IRQ (wa kutolea ishara) yakiwa yamegawanywa kwa 16, kwa hiyo unatafuta kilohezi 31.25. Zikipungua au kuzidi, kuna kapasita za ndani za kuongeza au kupunguza pikofaradi 8 kwa 8, kutoka 0 mpaka 120. Pima ikiwa mahali itakapokaa, kwa sababu mabati ya karibu yanaivuta koili kutoka kwenye masafa yake. Ukirekebishia mezani kisha ukaipeleka chini ya mabati, umefanya kazi bure.

Jirani wa Ziwa
Asante sana Fundi. Lakini zile kelele za mchana nimeshazipunguza. Nilipandisha kizingiti cha sensa (kiwango ambacho ishara zilizo chini yake zinapuuzwa) karibu na mwisho, sasa kinalia mara chache.

Mwalimu wa Fizikia
Umekiziba masikio. Kizingiti kikipanda, kelele za inveta zinakataliwa na radi za mbali zinakataliwa pamoja nazo. Unabaki na kifaa kinachongoja mpaka radi iko mlangoni. Kwa nini ukimya unakufaa kuliko kengele ya uongo? Kifaa hiki ni cha nani?

Jirani wa Ziwa
Cha kuonya wavuvi wa omena (dagaa wa ziwani) wa bichi yetu. Wao wanaingia majini usiku na taa, mimi niko nchi kavu na kifaa. Kikinasa radi nawatumia ujumbe warudi. Tumekubaliana shilingi 50 kwa boti kwa usiku, na msimu wa omena ukifunguliwa Agosti mosi tunaanza. Wengine wameshalipa wiki ya kwanza kwa M-Pesa. Kizingiti nimepandisha kwa sababu nawajua hawa watu. Ukiwarudisha mara mbili bila mvua, mara ya tatu simu imezimwa, hata kama hiyo ndiyo ya kweli.

Omogusii Asilia
Kumbe kuna pesa. Ungesema tangu mwanzo.

Nionyeshe
Mimi naona hii hadithi imetungwa. AS3935 haijui kilomita 3. Inatoa namba zilizopangwa: 40, 37, 34, 31, 27, 24, 20, 17, 14, 12, 10, 8, 6, 5, kisha 1 ikimaanisha iko juu yako. Tatu haimo. Mtu aliyewahi kukishika kifaa hawezi kuandika "kilomita 3". Huyu amesoma mahali, sasa anatafuta huruma na wavuvi wa kubuni. Fundi na Mwalimu mnapoteza usiku wenu.

Jirani wa Ziwa
Sijatunga kitu. Naweka hapa programu yangu mjionee. Kifaa kilikuwa kinarukaruka, kwa hiyo nachukua vipimo viwili vya mwisho naweka wastani.

Fundi Redio
Basi hiyo ndiyo 3 yako: 5 na 1, katikati ni 3. Nionyeshe amelenga vizuri ingawa alilenga kitu kingine. Jirani, ondoa huo wastani usiku huu. Sensa ilikuambia iko juu ya kichwa, wewe ukaiandika kilomita tatu. Na ile namba haipimi radi moja, ni makadirio ya ukingo wa karibu wa dhoruba yanayotokana na nguvu za mimweko iliyotangulia. Hesabu imeshafanyika ndani, usiiongezee yako juu.

Nionyeshe
Sawa, hiyo inaingia akilini. Swali langu linabaki: amelinganisha na nini?

Mwalimu wa Fizikia
Ndiyo swali. Kwa karibu, tumia masikio. Ukiona mmweko hesabu sekunde mpaka ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Usitegemee zilingane na namba ya kifaa mmweko kwa mmweko. Angalia kama dhoruba ikisogea, vyote viwili vinashuka pamoja. Ikipita kilomita 15 hivi ngurumo haisikiki tena, hapo linganisha na setilaiti. Meteosat ya kizazi cha tatu iliyorushwa Desemba 2022 ina chombo cha kunasa mimweko mchana na usiku, na Afrika imo kwenye eneo lake. Mtandao wa wapenzi wa radi wa Blitzortung nao una ramani, ila vituo vyake vimejaa Ulaya, kwetu ni vichache. Na kumbuka unapima Julai kibanda kikiwa nusu. Agosti taa za omena zote zitakuja kuchajiwa hapo.

Mama Boti (Homa Bay)
Nimesoma kimya, sasa niseme. Nina boti tatu majini na vijana wa watu ndani yake. Mwanangu, kifaa kikisema 12, ni 12 kutoka wapi? Kutoka kibandani kwako. Kinakuambia ni upande gani?

Jirani wa Ziwa
Hapana mama, upande hakisemi. Umbali tu.

Mama Boti
Basi 12 inaweza kuwa milimani nyuma ya Maseno na inaweza kuwa juu ya vijana wangu. Kikisema 40, mawingu yakikimbia kilomita 40 kwa saa, mwenye injini atafika. Mwenye kasia hafiki. Na ziwa letu usiku haliletewi mvua kutoka mbali kila mara. Nchi kavu inapoa, pepo zinatoka pande zote zinakutana juu ya maji, wingu linazaliwa hapohapo juu ya taa. Kifaa chako kikinyamaza, utawaandikia nini?

Jirani wa Ziwa
Nilipanga saa tatu usiku niwatumie "salama, ingieni".

Mama Boti
Hilo neno usilitume. Mvuvi akilisoma, anaacha kutazama mbingu. Tuma utabiri wa ziwa wa Idara ya Hali ya Hewa jioni kabla hawajasukuma boti, na kifaa kikilia tuma hivyo kilivyolia. Kikinyamaza na wewe nyamaza. Na pesa za watu warudishie mpaka umeona kinavyofanya Agosti nzima.

Jirani wa Ziwa
Mama, nakusikia. "Salama" naitoa. Lakini kuanza tarehe mosi nitaanza, wanaume hawa wanaingia majini nikiwepo nisipokuwepo, na wanaojua kidogo ni afadhali ya wasiojua lolote. Nitaanza na boti mbili za ndugu zangu bure, zile zilizolipa nitaongea na wenyewe mmoja mmoja. Fundi, sensa nikiipeleka kwenye nguzo nje, waya niuvute mita ngapi mpaka kibandani?

Fundi Redio
Usivute waya, utaleta kelele za inveta mpaka huko. Bodi na sensa vikae pamoja kwenye nguzo ya mbao na betri yao wenyewe, wala si nguzo ya chuma, halafu vitume kibandani kwa LoRa, redio ya kutuma data mbali kwa umeme kidogo. Kizingiti kirudishe chini kilipokuwa kiwandani. Usumbufu (kelele ambazo sensa yenyewe inatambua si radi) usiufiche, uandike pamoja na saa yake, tuone unafuatana na wateja wako au la. Tuwekee hiyo orodha hapa Jumapili.