Naomba ushauri: pesa ya tumbaku niiache benki moja au niigawe?

Habari za jioni wakuu. Niko Urambo, Tabora. Malipo ya tumbaku yameingia, kama milioni 18, zote benki moja ndogo yenye riba nzuri. Shemeji kanitia hofu: Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa mkupuo, ikiwemo ya wakulima kule Kagera, kwa mtaji mdogo. Najua Bodi ya Bima ya Amana hulipa, ila mwisho milioni 7.5 (zamani 1.5, afadhali sasa). Zinazozidi unamsubiri mfilisi, na mfilisi hana haraka na mtu.

Je, nikigawa benki tatu, kila moja nina kinga yake? Na SACCOS nayo imo? Waliowahi kudai, mlisubiri muda gani? Mbolea hainisubiri.