Tupeane uzoefu: 2048 ya kwenye brauza, rangi zake na kuiswaipu kwenye simu

Mwanzisha mada, Mwanga Kigoma
Habari za jioni wadau. Wengi humu tunacheza 2048, ile ya viboksi vya namba, unaswaipu vyote vinateleza upande huo na kipya kinazaliwa, mbili na mbili zinakuwa nne, nne na nne zinakuwa nane mpaka ufike 2048 yenyewe. Naomba tuongelee muonekano wake na uendeshaji wake, maana watu wanaishia kusema gemu tamu gemu ngumu, mtu hasemi jicho na kidole vinapata shida wapi.

Naanza mimi. Kibaraza cha duka langu kinapigwa jua kuanzia saa nane, na simu yangu mwanga wake mdogo. Pale kiboksi cha 2 na cha 4 ni kitu kimoja, vyote rangi ya maziwa, cha 4 kimekolea kidogo tu, inabidi usome namba. Ukifika 8 inakuja rangi ya chungwa na maandishi yanageuka meupe, raha, na 64 ni nyekundu kabisa hukosei. Sasa kuanzia 128 inaingia njano, 256 njano, 512 njano, halafu na namba zenyewe zinapungua ukubwa kwa sababu tarakimu tatu lazima zienee kwenye kiboksi kilekile. Yaani pale ambapo kukosea kunauma ndo rangi zinafanana! Hilo linanikera kweli. Nyie je?

Mdau wa Ujiji
Mkuu umenena. Mie shida yangu swaipu. Nacheza kijiweni nikisubiri abiria, boda imepaki, simu mkono mmoja, dole gumba haliendi wima linakwenda mshazari, na gemu inaangalia upande uliozidi, ukisogea kulia kuliko ulivyoshuka basi inahesabu kulia. 512 yangu ilikuwa imetulia kona ya chini kushoto, nataka kushusha, ikatoka kwenda kulia na pale konani kikazaliwa kiboksi cha 2. Kwisha habari, na hii ninayocheza mie haina kitufe cha kurudisha. Siku hizi naswaipu fupifupi, haihitaji kuburuta kidole skrini nzima, ukigusa na kusogeza kidogo tu inaitika, na mswaipo mfupi haupati muda wa kupinda. Jaribuni.

Dada wa Isevya, Tabora
Wangaluka! Mimi nachezea kompyuta ya ofisini wateja wakipungua, kwenye kibodi hamna hayo mambo ya mshazari, mishale minne basi. Mshale wa juu wa kibodi yetu umekufa, natumia W A S D na inakubali vizuri tu. Ila mjue kwenye hii ninayocheza herufi R inaanza gemu upya papo hapo haiulizi kitu, na R iko juu ya D palepale. Ingeuliza kwanza jamani. Kwa muonekano naipenda sana, viboksi viwili vikiungana kile kipya kinavimba kidogo kisha kinatulia, unaona kabisa kilichotokea, na kinachozaliwa kinakua taratibu kutoka katikati. Bila hiyo ungekuwa unatafuta nini kimebadilika.

Mzee wa Ng'ambo, Tabora
Macho yangu tangu utoto hayatenganishi nyekundu na kijani. 2048 sina ugomvi nayo kwa sababu kila kiboksi kimeandikwa namba, rangi ni msaada tu. Wordle, ile gemu ya kubahatisha neno, ndiyo ilinitesa mwanzoni, kijani na njano yake, mpaka mwanangu aliponionyesha kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuongeza utofauti wa rangi, ukiwasha inakuwa chungwa na bluu. Gemu yoyote inayoongea kwa rangi peke yake imetuacha nje watu kama sisi.

Mdau wa Kasulu
Shikamoo mzee. Mimi nilikuwa nacheza kopi moja yenye matangazo, tangazo limekaa chini ya bodi, ukiswaipu kushuka kidole kinaliangukia na bando linaliwa kufungua ukurasa wa ajabu. Tafuteni ile ya mwenyewe, Gabriele Cirulli, kijana wa Italia aliyeitoa Machi 2014 akiwa na miaka 19. Msimbo aliuacha wazi bure ndo maana kopi zimejaa kila kona. Na anzeni kuswaipu ndani ya bodi, ukianzia nje ukurasa ndo unapanda na kushuka.

Mwanzisha mada
Ujiji nimejaribu fupifupi, kweli inatii. Kasulu, kama msimbo uko wazi, si mtu anaweza akabadilisha rangi za 128 mpaka 1024 kila moja ikawa ya kwake?

Mdau wa Kasulu
Inawezekana kabisa, rangi zinakaa kwenye faili la CSS, lile linalopanga muonekano wa ukurasa, ni kubadilisha na kupandisha upya. Nitaanza na 128 kuwa bluu na 256 zambarau. 2 na 4 nazo nitazitenganisha, 4 iwe kijivu. Mzee wa Ng'ambo nikimaliza nitakutumia wewe kwanza uniambie zipi zinakuchanganya, kabla sijawapa wengine.