Hoovermatic ya matangi mawili kutoka kwa muuza vyuma chakavu: nianzie wapi kuifufua?

Mkazi wa Kirumba

Ndugu wanajukwaa, salaam. Wiki mbili zilizopita, huku Igogo, Mwanza, nilimkuta muuza vyuma chakavu akiwa ameshika nyundo, tayari kuivunja mashine ya kufulia ili atoe shaba ya mota. Nikamwomba aniuzie nzima kwa bei ya kilo. Ni Hoovermatic yenye tangi la kufulia upande mmoja na pipa la kukamulia upande wa pili, na kibati cha nyuma bado kinasomeka kwamba imetengenezwa Uingereza, kwa umeme wa volti 240 na hezi 50 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde). Kutu imeshika chini, karibu na magurudumu, lakini bodi ya juu ni nzima. Waya wa umeme umekatwa, na kipande kilichobaki kina nyaya tatu ndani: nyekundu, nyeusi na kijani.

Nimekusudia kufunga plagi mpya, niiwashe nione kama inazunguka, kisha nitoe mota ya zamani niweke ya mashine za plastiki zinazouzwa sasa, na mwisho niipeleke gereji ipuliziwe rangi mpya yote. Naomba ushauri kabla sijagusa kitu, kwa kuwa sitaki kuharibu kile nilichokiokoa kwenye nyundo.

Fundi wa kusuka mota, Mlango Mmoja

Ndugu yangu, nakusihi usiiwashe. Mashine hii ina bodi ya chuma na inafanya kazi na maji, na nyaya za umri huo mara nyingi zilivikwa mpira ambao ukikauka hupasuka na kumomonyoka ukiguswa tu, hivyo plagi mpya juu ya nyaya za aina hiyo ni njia ya kuupeleka umeme kwenye bodi utakayoishika kwa mkono wenye maji. Badilisha nyaya zote zilizokauka kwanza. Nyekundu ndiyo yenye moto, nyeusi ni nyutro (wa kurudishia umeme), na kijani ni ethi (wa usalama, unaopeleka ardhini umeme uliovuja). Huo wa kijani ufunge kwa skrubu kwenye chuma kilichosafishwa hadi king'ae, si juu ya rangi, halafu upime kwa mita kwamba umeshikana na bodi yote.

Baada ya hapo mpelekee fundi mwenye mita ya kupimia insulesheni (yaani uwezo wa kuzuia umeme usivuje) kwa volti 500. Kati ya koili, yaani nyaya zilizosukwa ndani ya mota, na bodi isisome chini ya megaomu 1. Ikisoma chini ya hapo, usikimbilie kuisuka upya, kwa sababu mota iliyokaa miaka mingi kwenye unyevunyevu wa Ziwa Victoria huwa imenyonya maji tu. Ifunike kwenye boksi pamoja na balbu ya zamani ya wati 60, ile inayotoa joto, uiache siku mbili, kisha upime tena. Nimeona mota zilizohukumiwa kufa zikirudi kwa njia hiyo. Siku ya kuiwasha mara ya kwanza, unganisha balbu ya wati 100 kwa mfululizo na mota, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye mota, na kama kuna shoti, balbu itawaka kwa nguvu zote badala ya koili kuungua.

Kapasita ya zamani (kifaa kinachosaidia mota kuanza kuzunguka) itoe, uweke nyingine yenye maikrofaradi zilezile na volti zisizopungua zilizoandikwa, lakini usiipasue. Nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 zilitiwa mafuta yenye kemikali za PCB, ambazo ni sumu inayodumu mno, na sisi sote hapa maji ya kunywa tunayatoa ziwani.

Kuhusu kubadili mota, sikubaliani nawe. Kinachoua mota hizi ni sili ya shafti iliyo kwenye tangi, yaani mpira unaozuia maji yasipite pale shafti inapoingia: mpira huo ukilika, maji hudondokea chini, na hata mota mpya itakufa vilevile. Usitie maji kabla hujaibadilisha. Ukikosa sili yake, pima kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kisha nenda soko la samaki la Mwaloni hapo Kirumba uwaone mafundi wa injini za mitumbwi. Kazi yao ya kila siku ni kuzuia maji yasipite kwenye shafti, na akiba yao ya sili ni kubwa kuliko unavyofikiri.

Mkusanyaji, Nyegezi

Hongera kwa kuiokoa. Kiwanda cha Hoover kilichokuwa Merthyr Tydfil, Wales, kilifunguliwa mwaka 1948 kwa kutengeneza mashine ndogo ya tangi moja, iliyokuwa na roli za kukamulia kwa mkono, na kikaendelea kuunda mashine za kufulia hadi mwaka 2009. Rangi za nyaya ulizozitaja nazo zinasaidia kukadiria umri, kwani karibu na mwaka 1970 Waingereza walihamia kahawia, buluu na kijani chenye mistari ya njano. Kama waya huo ni wa awali, mashine yako haiko mbali na wakati huo, au ni ya kabla yake.

Bahati yako nyingine ni kwamba umeme wa Uingereza unalingana na wetu. Mimi nina mashine ya kufulia ya Maytag, ya Marekani, ya hezi 60, na transfoma inashusha volti lakini haigusi hezi, hivyo mota inazunguka polepole na kupata joto kupita kiasi. Nimeiacha kuwa ya kutazamwa. Nyingine niliyo nayo, ambayo naipenda kuliko zote, ni Maytag ya injini ya petroli, inayowashwa kwa kukanyaga kama pikipiki, yenye silinda moja ya kuchanganya petroli na oili. Aina hiyo ilianza kutoka mwaka 1927, kwa ajili ya mashamba yasiyofikiwa na umeme.

Naomba sana usiipulizie rangi yote. Rangi ya kiwandani ikishafunikwa hairudi, na kwetu sisi wakusanyaji mkwaruzo wa kweli una thamani kuliko mng'ao wa gereji. Osha kwa sabuni laini na maji ya vuguvugu, ng'arisha kwa polishi ya magari, na msasa uguse penye kutu peke yake, ukifuatisha rangi ya kuzuia kutu. Vipande vya alumini usivioshe kwa magadi wala soda kali, vitaliwa.

Jambo la mwisho: jaribu breki ya pipa la kukamulia. Ukifunua kifuniko, pipa linapaswa kusimama ndani ya sekunde chache. Vumbi la breki hiyo usilipulize kwa mdomo, lifute kwa kitambaa chenye maji, maana breki za zamani huenda zina asbesto, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu.

Mama wa Bugando

Wanangu, mimi nimeitumia mashine ya namna hii kwa miaka mingi. Siri yake ni mpangilio: maji ya moto yenye povu huyamwagi baada ya mkupuo wa kwanza. Unaanza na mashuka meupe, unafuata nguo za rangi, na ovaroli zinakuwa za mwisho, zote kwa maji yaleyale. Sabuni iwe kidogo, kwa sababu maji ya ziwa letu ni laini na povu hujaa haraka. Kwenye pipa la kukamulia panga nguo zikiwa zimebanwa sawasawa pande zote, la sivyo mashine itatikisika mpaka ihame mahali pake.

Mkazi wa Kirumba

Shikamoo mama, na asanteni nyote. Rangi nimeiacha, na mota haitabadilishwa. Kipimo cha kwanza kilisoma megaomu 0.4, na baada ya siku mbili za balbu kikasoma 3. Sili ya zamani nimeitoa asubuhi hii, imekauka kama gamba la samaki. Jumamosi naipeleka Mwaloni, nami nitarudi hapa kuwaeleza vipimo vyake ili mwenye mashine kama hii asihangaike kuvitafuta.