Mashine ya kazi nyingi ya fezi tatu, umeme wangu fezi moja: ning'oe mota?

Randa_Kuukuu
Wakuu, kwema? Nimepata mashine ya zamani ya useremala, ile ya vyote kwa pamoja: msumeno wa duara, randa ya kunyoosha, randa ya unene, na ubavuni kekee ya kuchimbia matundu ya ndimi. Meza zake ni chuma cha kusubu. Tulikuwa wanne kuibeba na tulipumzika njiani mara tatu.

Kutu nimeitoa kwa mafuta ya taa na msasa laini. Beringi za shafti ya randa nimebadili, namba zilikuwa zimechapwa kwenye beringi zenyewe. Kinachonitesa ni mota. Kibati kinasema 220/380 V, 2.2 kW, mizunguko 1,420 kwa dakika, 50 Hz. Kila fundi ninayemuuliza ananiambia ing'oe, weka ya fezi moja. Roho inakataa. Inanguruma kwa sauti nzito, haina kelele za mota za siku hizi (najua, nimeanza kuipenda kabla haijakata hata ubao mmoja).

Aliyewahi kutumia inveta (kifaa kinachogeuza fezi moja kuwa tatu na kupanga kasi ya mota kwa Hz) anisaidie. Na je, nikipandisha hadi 70 Hz msumeno utakata vizuri zaidi?

Nyaya_na_Koili
Usiing'oe. Inveta ya kuingiza fezi moja ya 220 hutoa fezi tatu za volti hizohizo, haikupi 380. Kwa hiyo mota lazima ifungwe delta, yaani mpangilio wa koili wa 220. Zima umeme, fungua kisanduku cha mota. Ukikuta ncha sita na vipande vya shaba vimelala mlalo, hiyo ni nyota, mpangilio wa 380. Vipange wima, vitatu, umepata delta. Ukikuta nyaya tatu tu zinatoka, nyota imefungwa ndani ya koili. Mpelekee mtu anayesuka mota azitoe zote.

Kosa la wengi ni swichi ya zamani. Usiiache kati ya inveta na mota. Ukiikata mota ikiwa inazunguka, inveta inaweza kuungua. Nyaya za mota ziende moja kwa moja, vitufe vya kuwasha na kuzima vitoe amri kwenye inveta tu.

Vumbi_Puani
Hiyo 70 Hz sahau, kaka. Msumeno wa sentimita 30 ukizunguka mara 4,000 kwa dakika kwa 50 Hz, meno yanakwenda karibu mita 63 kwa sekunde. Ukipandisha hadi 70 Hz yanafika 88. Soma kikomo kilichochapwa kwenye msumeno wako kwanza. Na kama mota hiyohiyo ndiyo inayozungusha randa, kumbuka visu vyake vimeshikwa na kabari na bolti tu.

Shafti ya randa ni ya duara au ya mraba? Kama ni ya mraba, usiiwashe kabisa. Ule mwanya kati ya kisu na kisu hauchuni ngozi, unameza kidole.

Meza_Inainama
Mimi ninayo Shopsmith Mark 5, nayo ni mashine ya kazi nyingi, kwangu meza ndiyo inayoinama, msumeno hausogei. Nakuachia moja tu: pima shafti inayoshika msumeno kabla ya kununua chochote. Yangu ni inchi 5/8, yaani milimita 15.9. Kifaa chenye tundu la 16 kinaingia kwa raha sana, halafu kinacheza.

Randa_Kuukuu
Mrejesho. Ncha zilikuwa sita, shaba zimelala mlalo kama alivyosema Nyaya, nikazipanga wima. Shafti ya randa ni ya duara, nilikimbia kuangalia usiku uleule. Nilivua mkanda kabla ya kuwasha, na afadhali, kwa sababu mota iligeuka kinyume. Nimebadilishana nyaya mbili upande wa mota, sasa iko sawa. Nimeiacha 50 Hz.

Kinachonichosha sasa ni kuhama kazi. Kutoka kunyoosha kwenda unene natoa kizuizi cha pembeni, nainua meza mbili, nageuza bomba la vumbi. Jana nilinyoosha miguu minne ya meza, nikapanga randa ya unene, nikaipitisha yote, ndipo nikaona mmoja una ufa. Ikabidi nirudishe kila kitu kwa ajili ya mguu mmoja. Leo nimenyoosha mitano.

Na shafti ya msumeno nimeipima, mkuu: milimita 30 kamili.